Unga wa Kwanza wa Mashini ya Riziki

Salamabila, Jumatatu asubuhi

Yaya Kasimiri, kaka yangu,

Nakusalimu wewe na Mama, na wote wanaolala chini ya bati lenu hapo Kasongo. Goti lako linaendeleaje? Nimesikia umeanza tena kwenda shambani kwa mguu, na mkongojo umeuacha nyuma ya mlango kwa sababu ya haya. Utumie, Yaya, hakuna anayekucheka. Na macho ya Mama? Yale matone niliyomtuma mama muuza samaki ayalete, yalifika? Mimi huku ni mzima. Vumbi lilinibana kifua, mvua ikaja, kikafunguka. Wateja wapo, mazutu ya kuendeshea mashini inapatikana kwa shida lakini inapatikana, na muhogo mwaka huu umekauka vizuri.

Salamu nimezifupisha kwa sababu nina hasira, na sitaki kuificha ndani ya maneno ya adabu mpaka ukurasa wa tatu.

Nimesikia kwamba Jumapili hii utakwenda Wamaza na mbuzi. Utakaa mbele ya wakwe wa mtoto wangu Riziki, uombe msamaha kwa jina langu, eti mashini niliyompa ilikuwa inasaga mawe ya dhahabu na imewalisha wazee wao mawe. Mashini itahamia kwa Ramazani, shemeji yake Riziki. Riziki atarudishwa kwa mume wake, apewe mchi na kinu, anyamaze. Nimesikia kwamba haya yote umeyakubali.

Mimi niliyemzaa mtoto, mimi niliyenunua mashini, habari hii nimeipata kwa mkwe wangu Amisi, mume wa Riziki, amesimama kando ya pikipiki, hata kunitazama usoni anaogopa. Nilijaribu kukupigia. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Na hata ungekuwa mzuri, nakujua: kwenye simu unasema "ndiyo, ndiyo, Vero," halafu ukishakata unafanya lako. Barua huwezi kuiambia ndiyo ndiyo.

Barua hii inakuja na gunia. Ndani mna sahani ya chuma, nzito, imepasuka, nimeifunga kwa kitambaa. Usiifungue kwanza. Soma mpaka nitakapokuambia.

Unakumbuka nilivyoipata ile mashini. Baba Riziki alipofariki, watu wa kwao walichukua hata viti. Nilianza na mikate ya mafuta kando ya njia ya wachimbaji wa dhahabu, nikaingia kumfanyia kazi mwenye mashini mmoja, kazi ya kufagia unga na kujaza mazutu. Alipokuwa anafungua mashini kuitengeneza, wenzangu walikuwa wanakwenda kupumzika. Mimi nilikuwa namshikia taa. Alipochoka na Salamabila akaniuzia ile kuukuu, na ile ndiyo iliyozaa hii ninayotumia sasa. Hakuna aliyenipa. Nasema hivi si kwa kujisifu. Nasema ili ujue ni kitu gani unataka kukitoa Jumapili pamoja na mbuzi.

Riziki alipoolewa, wengine walimpa sufuria na vitenge, na wewe ulimpa godoro, nashukuru. Mimi nilipiga hesabu yangu. Nyumba ile ya Wamaza inakula watu kumi na wanne, mara mbili kwa siku, bukari, ugali wa muhogo. Bibi arusi mpya ndiye anayepewa mchi. Piga na wewe hesabu hiyo, halafu mtazame Riziki, mikono yake ilivyo. Nikasema ataingia na kazi yake mwenyewe, asage unga wa nyumba bure, asage wa majirani kwa malipo, na mume wake apate mke ambaye hajachoka. Nikampa mashini ya kwanza.

Sahani zake zilikuwa zimekwisha meno. Wewe mwenyewe ndiye uliyenitafutia mpya hapo Kasongo na kumpa dereva azipeleke Wamaza. Kwa hiyo uliziona. Unakumbuka rangi yake: zimepakwa nyekundu ya dukani, pande zote, ukizigusa zinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Weka hilo kichwani.

Nikafunga kazi yangu hapa, nikaenda Wamaza, nikazifunga kwa mkono wangu.

Hapa nakuomba unisikilize kama mtu ambaye hajui kitu, hata kama unajua. Mashini hii si uchawi. Ndani mna sahani mbili zinatazamana. Moja imetulia, nyingine inazungushwa na moteri. Muhogo unapita katikati, unatoka unga. Nje kuna visi moja kubwa ya kukazia: ukiikaza kwa kle, yaani spana, sahani zinakaribiana na unga unakuwa laini, ukiilegeza, zinaachana na unga unatoka na chenga. Basi.

Lakini sahani mpya hazijajuana. Kwa macho zimenyooka. Kumbe zina vilima na mabonde, madogo, huyaoni. Ukizikutanisha, zinagusana kwenye vilima vichache tu, kimoja hapa, kingine kule, na pengine pote ni hewa. Sasa zinazunguka, zinasuguana. Joto linatoka wapi? Pale pale kwenye vile vilima. Na chuma kikipata joto kinavimba. Kwa hiyo kilima kilichokuwa kirefu kinazidi kuwa kirefu, kinagusa kwa nguvu zaidi, kinapata joto zaidi, kinavimba tena.

Fikiri watu sita wamebeba gogo begani. Aliye mrefu ndiye anayelemewa, sivyo? Sasa fikiri kwamba kila uzito ukimzidia, huyo mrefu anarefuka. Mwisho wenzake watano wanatembea mikono mitupu chini ya gogo, na yeye peke yake anabeba mpaka shingo inavunjika. Ndivyo sahani mpya zinavyofanyiana ukizikaza kabla hazijazoeana. Kilima kile kinaungua, kinalika, kinatoa unga wa chuma. Kikipoa kinazama chini kuliko wenzake, na kilima cha jirani kinachukua zamu. Na kila zamu inatia uchafu kwenye chakula.

Dawa yake ni uvumilivu. Unalegeza. Unapitisha pumba zilizoloweshwa kidogo. Vilima vinalika polepole, bila kuungua. Unasimamisha, inapoa, unakaza robo ya mzunguko, unapitisha tena. Mpaka sahani zigusane mahali pengi, kila mahali pabebe kidogo. Ndipo unatia muhogo wa watu. Na kinachotoka mwanzo kabisa, kile cha kijivu, unawamwagia kuku.

Haya niliyasema pale kiwanjani, mbele ya wote, wakati Mama Amisi, mama wa mume wake Riziki, alipofika na kikapu cha muhogo mweupe, amejifunga kitenge cha sikukuu.

"Huu njo wa kuanza," akasema.

"Mama Amisi, wa kwanza si wa kula. Tunapitisha pumba kwanza. Unga wa kwanza tunawapa kuku."

"Basi miye ni kuku."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu yeye hakucheka.

"Mama Riziki, sikiya," akasema. "Hapa kwetu, chungu kipya, shamba mupya, mashini mupya, cha kwanza ni cha mama ya nyumba. Bibi arusi anisagia, miye napika, wazee banakula. Kisha namupa funguo ya gala. Njo vile na miye nilipokelewa. Unataka mutoto yako akose funguo?"

Yaya, sikumdharau. Naapa. Nilielewa kwamba kwake si unga, ni mtoto wangu kukubaliwa. Nikamwambia basi tugawane: leo pumba, kesho pumba, halafu muhogo wake utakuwa wa kwanza kuingia mtu ale. Akatazama kikapu, akatazama mashini, akasema, "Sawa, lakini ukuwe laini. Wazee hawatafunake chenga." Tukapeana mikono.

Nikapitisha pumba mchana ule wote. Nikamwonyesha Riziki: robo tu, halafu weka kiganja kwenye ganda la nje, kama mkono hauvumilii, zima. Anajua. Amekua na mashini hii, analala akiisikia. Wingu lilikuwa linakuja, na njia ya kurudi huku unaijua ilivyo mvua ikishaanza, nikapanda pikipiki nikaondoka. Kle nilimwachia Riziki mkononi.

Yaliyofuata sikuyaona. Nayaandika kama Amisi alivyonieleza, Ijumaa, mchana, wateja wangu wakiwa kwenye foleni na mabeseni kichwani. Alifika na gunia nyuma ya pikipiki.

"Jambo, Mama."

"Jambo, mwanangu. Shuka."

"Niko na haraka, Mama."

"Mwenye haraka hazimi moteri. Shuka."

Akashuka. Nikampa kiti, hakukaa. Nikampa maji, akanywa yote. Ndipo akasema kwamba asubuhi ya pili, kabla pumba za siku hiyo hazijapita hata mara moja, kaka yake Ramazani alifika akamkuta Riziki ameshika kle. Akamnyang'anya.

"Alisema nini?" nikamwuliza.

"Alisema, mwanamuke hakamatake kle mu lupango, mu kiwanja ya baba yangu."

"Na mwanamke aliyeinunua hiyo kle, je?"

Amisi akanirudishia kikombe, akaendelea.

Ramazani akatia muhogo wa mama yake. Unga ukatoka na chenga, kwa sababu sahani zilikuwa bado zimelegea, kama nilivyoziacha. Mama Amisi akasema, hizi chenga ndizo za kuniaibishia mbele ya wazee? Ramazani akakaza. Si robo. Alikaza kama mtu anayefunga gurudumu la lori. Unga ukawa laini, ukatoka wa moto. Na wanawake wa pale, Yaya, kila mmoja akatia mkono ndani ya beseni na kusifu. "Umeiva huu." "Joto yake kama mukate." Wanafikiri unga ukitoka wa moto ndiyo umesagika vizuri, kama chakula kinachotoka jikoni. Hata hapa Salamabila wapo wanaonirudishia beseni, wanasema, "Mama Vero, wa leo haukupata moto, ongeza." Nimechoka kuwaeleza. Ule moto hautoki kwenye muhogo. Ni chuma kinakula chuma, na wewe unashangilia.

Riziki akasema, "Shemeji, legeza, inalia."

"Inaimba," Ramazani akamjibu, na watu wakacheka, na akakaza tena.

Ikaimba mpaka ikatoa moshi. Mkanda ukaanza kuteleza kwa sababu sahani zilikuwa zimebanana. Riziki akakimbilia moteri akaizima. Ingeachwa hivyo, ipoe yenyewe, sahani ingepona. Ramazani akachukua ndoo ya maji akaimimina yote mdomoni mwa mashini, eti anaipoza. Amisi anasema ililia mara moja, kama mtu amevunja sahani ya udongo juu ya jiwe. Ukitia maji ya baridi kwenye chuma kilichovimba upande mmoja, upande ule unataka kurudi kwa ghafla na mwingine hauko tayari. Kinapasuka. Hata chungu kinapasuka hivyo, na hakuna mama wa Wamaza anayemwaga maji ya baridi kwenye chungu kilichotoka motoni. Lakini mashini, haya, mwaga.

Unga uliokuwa umekwisha kutoka, ule uliosifiwa, Mama Amisi akaupika. Bukari ikakataa kushikana, ikawa ya kijivu, akaisonga hivyo hivyo kwa sababu wazee walikuwa wamekwisha kunawa. Mzee wa kwanza akatia tonge mdomoni, taya likasimama. Wa pili akatoa kitu kwenye ulimi akakiweka ukingoni mwa meza. Namhurumia yule mama, nasema kweli. Kukaa pale na kitenge chako cha sikukuu, wageni wako wanatema.

Halafu mtu mmoja akauliza, hata Amisi hasemi ni nani, "Mashini hii imetoka wapi?"

"Salamabila."

"Na Salamabila wanasaga nini?"

Basi. Ikaishia hapo. Mashini ilisaga mawe ya dhahabu, Mama Riziki ameshiba pesa ya wachimbaji, ametuletea takataka na dawa za kusafishia dhahabu tule. Wakamfungia Riziki nguo zake, wakampandisha pikipiki mpaka kwako Kasongo, "mpaka wazee waongee."

Nikamwuliza Amisi, "Na wewe ulisema nini?"

"Mama, yule ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Nakuuliza ulisema nini."

"Sikusema."

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Nikataka kumtukana, nikashindwa, kwa sababu ndipo alipofungua gunia. Ramazani alitaka kuitupa sahani mtoni. Amisi aliwaambia anaileta huku nilipe nyingine, kumbe alitaka niione. Kusema mbele ya watu alishindwa, lakini chuma amekileta. Namhesabia hilo. Si yote, lakini namhesabia.

Sasa fungua gunia, Yaya. Toka nje kwenye mwanga, kaa, weka sahani juu ya mapaja, meno yakikutazama.

Rangi nyekundu unaiona? Ile uliyoiona hapo Kasongo kabla hujampa dereva? Ipo. Imejaa mabondeni, na hata juu ya meno mengi ipo bado, imepauka tu. Sasa tafuta mahali isipokuwepo. Utaona visiwa. Vinang'aa, na pembeni vina rangi ya buluu na zambarau, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Ile buluu ni moto. Chuma hakipati rangi ile mpaka kiungue. Vipime kwa vidole: ukivikusanya vyote pamoja havijazi kiganja changu, na sahani nzima ni viganja saba. Maana yake chuma kile, kwa kelele zote zile, kiligusana kwa chini ya sehemu moja katika saba, na sehemu hiyo ndogo ndiyo iliyobeba nguvu zote za Ramazani. Ufa nao unaanzia wapi? Fuata kwa kucha. Unaanzia ndani ya kisiwa kikubwa kuliko vyote.

Jiwe halifanyi hivyo. Najua jiwe linavyofanya, nimekaa Salamabila. Wako watu hapa wanaosaga mawe kwa mashini za unga, sikatai, na nimeziona sahani zao zikitupwa. Jiwe linaingia kila mahali, linakwangua kila jino, linafika mpaka chini bondeni, linaacha mikwaruzo mingi kama nywele, na rangi yote inaondoka tangu beseni la kwanza. Hakuna kisiwa. Hakuna buluu. Mimi mwenyewe wameniomba mara ngapi nisage mawe, kwa malipo ambayo unga hauyafikii hata ukisaga mwaka, na nimewafukuza, kwa sababu watoto wanakula kinachotoka hapa. Halafu leo niitwe mlisha mawe na watu walioshangilia unga wa moto?

Na hata kama hujui chuma, Yaya, hesabu huijui? Sahani hizi zilitoka dukani Kasongo, zikapita mikononi mwako, zikaenda moja kwa moja Wamaza. Salamabila haijafika hata moja isipokuwa hii, Ijumaa, ikiwa imekwisha kupasuka. Zilisaga mawe ya dhahabu ya wapi? Ya kwenye pikipiki?

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Sijakasirikia sana Mama Amisi. Aliaibika, na mtu aliyeaibika anakamata la kwanza lililo karibu. Ramazani ni Ramazani. Nimekukasirikia wewe. Ulikuwa na vitu viwili vya kufanya: kumwuliza Riziki, ambaye analala nyumbani kwako, na kukumbuka rangi ya sahani ulizozinunua mwenyewe. Hukufanya hata kimoja. Walikuja wajumbe, wakaongea kwa upole, wakakuita mkwe, na ukakubali ili wasiondoke wamenuna. Msamaha ulioukubali si wako, ni wangu. Mbuzi ni wako, sawa. Jina ni langu.

Nimeambiwa ulimwambia Riziki, "Nyamaza, mwanangu, tukutafutie ndoa yako." Ndoa yake haijapotea. Kilichopotea ni kle.

Jana mtandao ulifunguka kidogo na Riziki akanitumia sauti. Fupi. Nikaisikiliza nikiwa nimeegemea magunia. Alisema, "Mama, niliwaambia walegeze. Namutaka Amisi, nataka kurudi kwake. Lakini kwenye kinu sirudi. Wakinipa kinu, nitabaki kwa mjomba." Hakulia. Ungesikia sauti yake, ungejua kwamba mtu huyu hahitaji kuombewa.

Kwa hiyo nakuambia ninavyotaka, na hili si ombi.

Jumapili nenda. Kutokwenda ni matusi, na ndugu wa mume wake wameandaa chakula. Mbuzi mpeleke ukitaka, mle, lakini useme wazi kwamba ni mbuzi wa kutembeleana. Usiseme msamaha. Weka sahani mbele ya wazee, hasa yule aliyetoa kitu kwenye ulimi, maana huyo ana haki ya kujua alikula nini. Aguse visiwa kwa kidole chake. Mwambie alikula chuma na muhogo ulioungua, na kwamba ningekuwepo nisingemruhusu. Usimtaje Ramazani kwa jina. Watakaouliza nani alikaza watakuwa wamekwisha kumtazama.

Mama Amisi usimwaibishe mara ya pili. Mwambie neno langu bado lipo: muhogo wa kwanza wa kuliwa ni wake. Nitakuja mwenyewe na gunia la pumba, tutapitisha siku mbili, au tatu ikibidi, na unga atakaopewa utakuwa umepoa ndani ya beseni kabla hajaugusa. Apike, wazee wale, Riziki apewe funguo. Desturi yao siipingi. Naona hata ni nzuri. Ila chuma hakijui desturi, na mtu wa kukielewa chuma mle ndani ni mmoja.

Huyo ndiye atakayeshika visi. Sahani mpya ninazo hapa, zimefika jana, na hazitoki kwangu mpaka wazee wa pale waseme kwa midomo yao, wewe ukisikia, kwamba mashini ile inakazwa na kulegezwa na Riziki peke yake. Si Ramazani, si Amisi hata kama nampenda, si wewe. Kle nyingine nimeiweka chini kabisa ya gunia, ndani ya kitenge cha buluu. Mpe Riziki usiku huu huu unaposoma. Usimwekee. Mpe.

Wakikubali, nijulishe, nitafunga kazi hapa niende Wamaza. Wakikataa, nijulishe pia. Nitakuja Kasongo kumchukua mtoto, na Amisi akimtaka mke wake anajua njia ya Salamabila, anaiendesha kila wiki.

Nisalimie Mama, mwambie aendelee na matone hata kama macho yamepona. Nisalimie mke wako, na umshukuru kwa kumpa Riziki chumba cha mbele na si cha nyuma. Hilo nimelisikia na sitalisahau. Nisalimie mdogo wetu wa mwisho anayefundisha shule, na shangazi wa mashamba ya mpunga, na yule baba mdogo anayepiga kengele ya kanisa, kama bado anapanda ngazi. Jirani yako fundi baiskeli mwonyeshe sahani kabla hujaondoka. Hatakuuliza swali hata moja, chuma anakijua.

Nakupenda, Yaya, na ndiyo maana nimeandika kurasa zote hizi badala ya kuwaandikia wao. Nimemwambia dereva asiondoke kwako bila jibu, hata neno moja nyuma ya karatasi. Amekaa hapo mlangoni. Mpe chai, na mwite Riziki akae karibu unapoandika.

Mimi mdogo wako,
Veronika